Msitusubirishe Maabara

Kuna hoja inayosemwa kwa upole sana katika vikao vya bodi za shule: shule yetu ni ndogo, haina maabara ya kompyuta, kwa hiyo somo la kompyuta lisubiri. Mkuu wa shule anaitoa, afisa elimu kata anatikisa kichwa kuikubali, wazazi wanaguna kidogo kisha kikao kinahamia kwenye mahindi ya chakula cha mchana. Hakuna aliyekataa kitu. Kimeahirishwa tu, tena kwa huruma. Lakini ahirisho hilo halina tarehe, na mtoto aliyeingia Kidato cha Kwanza siku hoja ilipotolewa atafanya mtihani wa Kidato cha Nne mfadhili bado anatafutwa.

Nafundisha somo hilo katika shule ya kata. Idara nzima ni mimi: mkuu wa idara na walio chini yake wote wanakaa kiti kimoja. Kwa hiyo nina maslahi katika ugomvi huu, na sitajifanya hakimu. Nasema hoja ya vifaa kwanza ni mbovu tangu msingi wake, na ubovu wake hauko kwenye hesabu ya fedha. Uko kwenye kutojua somo lenyewe ni nini.

Wanaoitetea wanaamini kwamba sayansi ya kompyuta ni elimu ya kuitumia mashine: kuiwasha, kufungua Word, kukoleza herufi, kupanga safu za Excel, kuizima bila kuiharibu. Kama hilo ndilo somo, wana haki. Bila mashine hakuna somo. Ila hizo ni stadi ambazo dada wa steshenari pale stendi alizimudu kwa muda mfupi akiwa kazini, wala hakuhitaji miaka minne ya darasa. Somo lenyewe ni jingine. Ni jinsi ya kulivunja tatizo mpaka kila kipande chake kiweze kufanywa na kitu kisicho na akili. Ni jinsi ya kuandika maelekezo yasiyoacha mwanya. Ni kujua kati ya njia mbili ipi ni fupi, na fupi kwa kiasi gani. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha, hatua kwa hatua, utaratibu wa kukokotoa namba za Bernoulli kwa mashine ya Charles Babbage ambayo haikuwahi kukamilika. Mwaka 1936 Alan Turing alibuni mashine ya kufikirika tu, yenye utepe na alama chache, akaitumia kuonyesha kwamba yako maswali ambayo hakuna mashine ya kukokotoa itakayoyajibu kamwe. Kompyuta za leo, pamoja na kasi yake yote, bado hazijauvuka mpaka huo aliouchora kwenye karatasi. Wangeketi kwenye bodi zetu, Ada na Turing wangeambiwa wasubiri maabara.

Sisi Watanzania tuna historia yetu na mashine hizi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa kompyuta wa hesabu za serikali kuvurugika na kuitia hasara nchi iliyokuwa ikihangaikia fedha za kigeni. Watu husimulia kisa hicho kama kichekesho. Mimi nakiona kuwa ndugu wa damu wa hoja ya leo. Wakati ule mashine ililaumiwa kana kwamba ilijiendesha yenyewe. Leo inangojwa kana kwamba itafundisha yenyewe. Swali la nani ameandaliwa kuiongoza halikupewa kiti wakati ule, na leo bado limesimama mlangoni. Baada ya Sensa ya 2022 walimu tuligawiwa vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Ulikuwa uamuzi mzuri na vinatufaa. Lakini hakuna kishikwambi kilichomgeuza mwalimu wa Jiografia kuwa mwalimu wa kompyuta, na sijui ni nani aliyetarajia hivyo.

Tutazame waliokuwa na vyote. Uingereza haikuwahi kulilia maabara. Shule zake zilijaa mashine, na somo la TEHAMA lilikuwa kwenye ratiba kwa miaka mingi. Januari 2012 Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa nchi hiyo, kilitoa ripoti kikisema kwamba sehemu kubwa ya ufundishaji huo ilikuwa imeshuka hadi kuwa stadi za msingi za kutumia programu za ofisini, wanafunzi wakiona somo ni la kuchosha, na walimu wenye ujuzi halisi wakiwa wachache. Septemba 2014 England ilibadilisha somo hilo na kuanza mtaala mpya wenye algoriti na uandishi wa programu. Yaani nchi yenye kompyuta za kumwaga iligundua kwamba haikuwa ikifundisha sayansi ya kompyuta. Maabara ilikuwepo. Somo halikuwepo.

Peru nayo ilikwenda hadi mwisho wa njia ambayo bodi zetu zinaitamani. Iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi vijijini chini ya mradi wa One Laptop per Child, na watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika wakafuatilia shule 319. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2012. Kompyuta zilikuwa zimeongezeka kutoka 0.12 kwa kila mwanafunzi hadi 1.18, zaidi ya moja kwa kila mtoto. Alama za hisabati na lugha hazikusogea. Zilionekana dalili za kunufaika kiasi katika vipimo vya jumla vya kufikiri, nazo sizifichi. Lakini mtu akiniambia kwamba mashine zikifika mengine yatajipanga yenyewe, namwomba kwanza apitie kule vijijini Peru.

Sasa nieleze tunachofanya darasani, maana malumbano bila mfano ni kelele.

Daftari la mahudhurio limepangwa kwa alfabeti. Namwambia mwanafunzi achague jina moja kimoyomoyo, kati ya majina 64, nami nitalikisia kwa kuuliza swali la aina moja tu: liko nusu ya juu au nusu ya chini? Kwa maswali sita nimelipata. Darasa linadhani ni mazingaombwe. Halafu tunapanda: majina elfu moja, maswali kumi. Kisha nawauliza habari ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo kwa uchaguzi wa 2025 lilikuwa na majina zaidi ya milioni 37. Wanakisia laki, wengine milioni. Jibu ni maswali 26. Hapo ukimya huwa wa namna yake, kisha mmoja anataka kuhakikisha, anaanza kuzidisha mbili kwa mbili pembeni mwa daftari mpaka anafika. Huyo ameshaelewa kwa nini simu huleta jina kabla hujamaliza kuliandika, na kwa nini orodha isiyopangwa ni balaa. Gharama ya kipindi hicho ni chaki.

Au chukua bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji husambaza kete katika mashimo yake 16. Tunayapa namba kuanzia 0 hadi 15. Swali: ukichota kete saba shimo la 13, ya mwisho itaangukia wapi? Waliozoea kucheza barazani hujibu bila kuhesabu. Nawalazimisha waandike kanuni: jumlisha, gawa kwa 16, chukua baki. Shimo la 4. Kutoka hapo ni hatua fupi kwenda kwenye safu ya namba ndani ya programu, na hatua ndefu zaidi, tamu kuliko zote, ni kuandika sheria za kutakata, yaani kucheza bila kula kete za mwenzako, kwa ukamilifu kiasi kwamba mtu asiyewahi kuona bao azifuate bila kuuliza. Wanashindwa. Wanagombana. Wanagundua kwamba babu aliyewafundisha aliacha nusu ya sheria kichwani mwake. Hakuna zoezi la Word litakalomfundisha mtoto kwamba maelekezo anayodhani yako wazi yana mashimo.

Maganda ya sabuni na pakiti za biskuti tunayaokota. Msimbo wa mistari uliochapwa juu yake una tarakimu 13. Mingi hapa kwetu huanza na 620, ya Kenya na 616. Zidisha kila tarakimu iliyo nafasi ya shufwa kwa tatu, jumlisha na zile za witiri, na tarakimu ya kumi na tatu ni ile itakayofikisha jumla kwenye makumi kamili. Watoto hupeleka hesabu hiyo dukani kwa mama zao. Menyu ya pesa za simu, ile inayofunguka kwa nyota na reli, tunaichora ubaoni kama mti wa maamuzi, tukionyesha wapi mtu anakwama na wapi anarudishwa mwanzo. Wenzetu Tim Bell na Ian Witten wa New Zealand, pamoja na Mike Fellows, walikusanya masomo ya namna hii tangu miaka ya 1990 wakayaita CS Unplugged, na yanatolewa bure. Nayatumia. Ila bao wao hawakuwa nalo.

Wapo watakaosema: kufundisha kompyuta bila kompyuta ni kufundisha kuogelea ubaoni. Msemo mtamu, na ndiyo maana hauchunguzwi. Waandishi wa programu wa miaka ya 1960 waliandika kwanza kwa mkono, zikatobolewa kwenye kadi, zikapelekwa kwa mwendesha mashine, na jibu likarudi baada ya saa nyingi au kesho yake. Kosa dogo lilikula siku. Kwa hiyo walizoea kuisoma programu yao mstari kwa mstari, wakijifanya mashine, kabla ya kuikabidhi. Tabia hiyo mwanafunzi wa leo mwenye kompyuta yake mwenyewe haipati kirahisi. Yeye hubonyeza, akaona nyekundu, akabadilisha chochote, akabonyeza tena.

Nakubali upande wa pili. Mtoto anahitaji siku moja kuona alichoandika kikifanya kazi kweli, na anahitaji zaidi kuona kikikataa. Mashine haina upendeleo; haimwonei haya mtoto wa mwenyekiti wa kijiji. Tena mtihani una vitendo, na mwenzetu wa Kenya anayechukua Computer Studies kwenye KCSE ana karatasi ya nadharia, ya vitendo, na mradi juu yake. Sisemi mashine si kitu. Nasema zinatosha nne au tano, zinazofanya kazi, zenye utaratibu. Na chumba cha arobaini chenye vigae na kiyoyozi si sharti la kuanza.

Utaratibu wetu ni mkali: hakuna daftari, hakuna kibodi. Anayekwenda kwenye mashine awe ameandika programu yake, amekwisha kuifuatilia kwa penseli na kuandika anachotarajia kitokee. Wanakwenda wawili wawili, mmoja anachapa, mwingine anasoma na kusimamia, kisha wanabadilishana. Wengine wako mezani wakifuatilia programu za wenzao na kuwinda makosa. Programu tunaziandika kwanza kwa Kiswahili, IKIWA na BASI na RUDIA, ndipo zinahamishiwa Python, ambayo haihitaji intaneti wala mashine mpya. Sheria hiyo ilileta jambo ambalo halikuwa kwenye mpango: wasichana walianza kuchapa. Mashine chache zikiachwa ziwaniwe, wenye viwiko ndio hushinda, na kwenye Kidato cha Pili viwiko ni vya wavulana.

Mwaka 2018 picha za mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, zilizunguka dunia. Alikuwa amechora ukurasa mzima wa Microsoft Word ubaoni kwa chaki za rangi, kila kitufe mahali pake, kwa sababu shule yake haikuwa na kompyuta na wanafunzi wake walikuwa na mtihani wa TEHAMA wa kuwavusha kwenda sekondari. Alialikwa Singapore, kompyuta zikatolewa msaada, na alistahili kila kofi alilopigiwa. Lakini funzo lililookotwa lilikuwa lile lile la zamani: maskini hawa, wapelekeeni mashine. Sikumsikia mtu akiuliza kwa nini mtihani unataka mtoto ajue kitufe fulani kimekaa pembe gani ya dirisha la programu ya kampuni fulani, programu ambayo sura yake itabadilika kabla mtoto hajapata kazi. Laiti mtihani ungeuliza jinsi ya kutafuta jina kwenye orodha, chaki yake ingetosha bila kupungukiwa na kitu. Aliyekuwa na upungufu pale ni mtunga mtihani.

Sisi mtaala ulioboreshwa umetupa mwanya wa kwenda mbali na vitufe. Mwanya huo utazibwa tena na bodi zinazosubiri.

Na hapa ndipo ninapogombana na watu ninaowapenda, yaani wakuu wa shule. Mashine zikifika kweli, mara nyingi kinachokosekana ni uongozi. Nimeviona vyumba vya kompyuta ambavyo mashine zake zimevikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, mlango una kufuli mbili na ufunguo uko ofisini. Fulana za sherehe ya makabidhiano zilichakaa kabla ya kibodi. Hofu ya mkuu naielewa. Mashine ikiharibika ni yeye atakayeulizwa. Lakini kompyuta iliyofungiwa nayo inaharibika, taratibu, kwa vumbi na panya, na kwa hiyo hakuna anayeulizwa.

Kisha kuna mwalimu mwenyewe. Katika shule ndogo kila kitu chenye waya ni chake. Anachapa mitihani ya masomo yote. Printa ikikwama anaitwa katikati ya kipindi. Wenzake wakishindwa kuingia ESS au kujaza PEPMIS, mifumo ya watumishi wa umma, foleni ni mezani kwake. Mhasibu akisumbuliwa na FFARS, mfumo wa hesabu za fedha, aitwe. Kidato cha Nne wakijaza Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kuendelea nayo, ni wiki yake nzima. Halafu mwisho wa muhula anaulizwa kwa nini hajamaliza mada. Sikatai kusaidiana, sisi ni wachache na tunakula chungu kimoja. Nakataa kazi hizo kuhesabiwa kuwa ndizo somo la kompyuta, huku vipindi vyenyewe vikisukumwa baada ya saa za kazi, watoto wakiwa na njaa na safari ya kilomita kadhaa mbele yao. Mwalimu wa Kemia hatumwi kupika chai kwa sababu ana jiko la maabara.

Wanaosema udogo wa shule ni kikwazo hawajaitazama vizuri. Mkondo ni mmoja, kwa hiyo mwalimu mmoja anawachukua watoto wale wale tangu Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne na anajua nani alikwama kwenye baki ya mgawanyo miaka miwili iliyopita. Ofisi ya walimu ina meza moja ndefu. Kupanga na mwalimu wa Hisabati ili namba za msingi wa mbili zifundishwe wiki moja na zetu ni mazungumzo ya kikombe kimoja cha chai, wakati shule kubwa ingehitaji kikao na muhtasari. Udhaifu wetu wa kweli ni mwingine, na hautibiwi na maabara: uhamisho. Barua ikija, somo linapanda basi pamoja na mwalimu. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya anayeongoza idara ya mtu mmoja ni kuhakikisha yupo wa pili. Awepo mwalimu wa Hisabati au Fizikia anayekaa ndani ya vipindi. Maandalio yabaki kwenye faili la shule. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wazoee kuwafundisha wa Kwanza. Mkuu wa shule anaweza kuagiza hayo kesho asubuhi bila kuomba fedha kwa mtu.

Nitaambiwa ninawapa wakubwa kisingizio: kama chaki inatosha, kwa nini walete kompyuta? Naiogopa hoja hii kuliko zote, maana ina watu wa kuitumia. Jibu langu ni kwamba shule inayofundisha tayari ndiyo yenye nguvu ya kudai. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na wafadhili wengine wanapogawa mashine, sisi tuna orodha ya watoto wenye madaftari yaliyojaa programu ambazo hazijawahi kuendeshwa, na tunataja idadi ya mashine, aina ya mashine, na saa zitakazotumika kwa wiki. Jirani yetu anayesubiri ana chumba kitupu na barua ya maombi.

Kwa hiyo nawaomba wathibiti ubora, wanaokuja na fomu yenye mstari wa kujaza idadi ya kompyuta zilizopo, wajaze mstari huo kisha waweke fomu chini. Wachague mtoto yeyote wa Kidato cha Pili, wampe daftari la mahudhurio, wamwulize anawezaje kulipata jina moja kwa kulifungua mara chache kuliko mwenzake, na kwa nini. Wafanye hivyo kwetu, kisha waende kwenye ile shule ya vigae na kiyoyozi wafanye vile vile, na majibu ya pande zote mbili wayaandike kwenye ripoti.